Tundu Lissu: tumjue kama wakili, siasa tuweke pembeni

Wadau, wengi tunamfahamu Lissu kwa siasa. Leo nataka tumtazame kwa kazi aliyoisomea.

Kwao ni Mahambe, Ikungi, mkoani Singida. Alizaliwa Januari 20, 1968. Ukipanda basi hapa kwetu Kizota kuelekea Singida, unapita Manyoni, halafu unakutana na Ikungi kabla ya kuingia mjini. Kwa hiyo ni jirani yetu kabisa.

Sekondari alisoma Ilboru, Arusha, na Galanos, Tanga. Sheria alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza 1994, kisha akachukua shahada ya uzamili Warwick, Uingereza.

Kwa usomi huo angeweza kukaa Dar akatetea makampuni. Yeye akafanya kazi na LEAT, timu ya wanasheria wa mazingira. Hapo ndipo lilipoibuka suala la Bulyanhulu, Kahama: wachimbaji wadogo walioondolewa 1996, na madai kuwa wengine walifukiwa mashimoni. Serikali ilikanusha. LEAT wakadai uchunguzi huru, na mwaka 2002 Lissu akashtakiwa kwa uchochezi.

Staili yake ya kazi? Kwanza anasoma. Alipokuwa mbunge wa Singida Mashariki, kuanzia 2010 hadi 2019, alikuwa anataja ibara au kanuni kwanza, ndio anaanza kubishana. Pili, hapambi maneno. Ulimi wake mkali, na hata wanaomkubali wapo wanaosema anazidisha.

Machi 2017 mawakili wenzake walimchagua kuwa Rais wa chama chao, TLS. Septemba 7 mwaka huohuo akapigwa risasi nje ya nyumba yake Area D, hapahapa Dodoma. Akatibiwa Nairobi, halafu Ubelgiji. Miaka minane ikapita bila mtu yeyote kufikishwa mahakamani kwa tukio lile.

Aprili 2025, akiwa Mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa akashtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Juni akaiambia mahakama atajitetea mwenyewe, baada ya kulalamika kwamba mawakili wake hawapewi nafasi ya kuongea naye faragha. Oktoba akawa anawahoji mwenyewe mashahidi wa Jamhuri. Yaani mtu aliyezoea kusimama kwa niaba ya wengine, akawa kizimbani na wakili wake akiwa ni yeye.

Mimi nimeishia fomu foo, sheria sijasoma. Ila swali lake unaweza kuliuliza hata wewe bodaboda au mama ntilie: nimevunja sheria gani? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka anayekukamata akwambie kosa lako. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Naomba kuwasilisha.