KABLA YA WHATSAPP: WATU WALIKUWA WANACHATI HIVI KWENYE KOMPYUTA

Wengi wanadhani kuchati kumekuja na simu janja. Wapi! Mwaka 1971, pale Bell Labs, Murray Hill nchini Marekani, watu walikuwa tayari wanatumiana meseji laivu kupitia mfumo wa Unix, baba wa Linux ya leo.

Kompyuta ilikuwa moja, ghali balaa, inatumiwa na watu kibao kwa wakati mmoja. Kila mtu alikaa kwenye mashine yake ya kuchapia iliyoungwa kwa waya, yaani teminali, na nyingi hazikuwa hata na kioo, zilichapa kwenye karatasi. Jamaa akitaka kumuuliza mwenzake kitu, anaandika amri ya write na jina la mwenzake. Basi kila mstari anaouandika unatokea kule kwa mwenzake, katikati ya kazi, bila hodi.

Tabu ni kwamba wote waliweza kuandika kwa pamoja, maneno yakagongana. Ndo maana kitabu cha maelekezo cha mwaka huohuo kiliwashauri wafanye kama watu wa redio: ukimaliza unaweka (o), zamu ya mwenzako. Ukiaga, (oo).

Na asiyetaka kusumbuliwa? Aliandika mesg n, mlango umefungwa. Hiyo ndo bloku ya enzi hizo. Ila msimamizi wa mfumo alipita tu, hakuna wa kumzuia, maana yeye ndiye wa kuwaambia watu wahifadhi kazi zao kabla hajaizima mashine.

Mambo yaliharibika zilipokuja teminali za kioo. Baadhi zilikuwa zinatii alama za siri: futa kioo, hamisha kasa, na mbaya zaidi, rudisha maandishi haya kwenye kompyuta kana kwamba mwenyewe kayaandika. Mtundu mmoja akituma meseji yenye alama hizo, teminali ya mwenzake inatoa amri ya kufuta mafaili, kwa jina la mwenzake! Na kama aliyetumiwa ni msimamizi, hapo mfumo mzima uko mikononi mwa mhuni. Dawa ikawa kuifanya write izichuje alama hizo, na kuwazuia watu kuandika moja kwa moja kwenye teminali za wenzao.

Mwaka 1983 wa Berkeley wakaja na talk. Kioo kinagawanywa mara mbili, unaona herufi moja moja mwenzako anavyoandika, hata akifuta uongo wake na kuanza upya. WhatsApp haina hiyo.

Kwenye Linux write bado inatumika. Wanaotumia seva moja huandika kwanza who kuona nani yupo, halafu wanaanza maongezi. Anayemaliza anabonyeza Ctrl na D, na kule kwa mwenzake zinatokea herufi tatu tu: EOF.