Kuondoa mabaki ya dawa katika majitaka kwa ozoni

Kusafisha kwa ozoni ni hatua ya ziada katika mtambo wa majitaka, baada ya bakteria kumaliza kazi yao. Bakteria hula kinyesi na masalia ya chakula, lakini dawa kadhaa huwashinda. Karbamazepini, dawa ya kifafa, hupita karibu kama ilivyoingia. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nayo huwasumbua, na si yote hutoka kwenye mkojo: nyingine ni jeli iliyopakwa gotini, ikaoshwa bafuni.

Ozoni ni gesi yenye atomi tatu za oksijeni. Mkemia Christian Friedrich Schönbein aliitambua mjini Basel mwaka 1839 kwa harufu yake kali. Huharibika upesi, kwa hiyo hutengenezwa palepale mtamboni kwa kupitisha oksijeni kwenye umeme wa volti nyingi, kisha hupulizwa ndani ya maji kama viputo kutoka chini ya tangi. Tangi hufunikwa kwa sababu gesi hiyo hudhuru mapafu; inayobaki huvunjwa kabla ya hewa kuachiwa nje.

Uswisi ndiyo iliyotangulia kuliweka jambo hili katika sheria. Mtambo wa Neugut, mjini Dübendorf, ulianza kutumia ozoni mwaka 2014. Tangu 2016 sheria inaitaka mitambo iliyoteuliwa iondoe asilimia 80 ya vichafuzi vidogo kama mabaki haya ya dawa, na mfuko wa kugharimia ujenzi hupata fedha kwa tozo isiyozidi faranga 9 kwa mkazi kwa mwaka.

Asilimia hiyo isichukuliwe kuwa dawa imetoweka. Ozoni hukata molekuli, na vipande hubaki majini. Ndiyo maana maji hupitishwa kwenye kichujio cha mchanga chenye bakteria wa kuvimalizia. Kemikali za iodini zinazotumika katika picha za eksirei hazikatiki kirahisi. Tatizo zito zaidi ni bromidi: majitaka yakiwa nayo kwa wingi, ozoni huigeuza kuwa bromati, inayoshukiwa kusababisha saratani. Hivyo maji hupimwa kabla ya ujenzi, na yakionekana hayafai, mkaa amilifu hutumika badala ya ozoni.

Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 2024, ukiwataka watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe walau asilimia 80 ya gharama za hatua hii. Kampuni za dawa zimelipinga mahakamani.