Kamba ya Mwelekezi: Hoja kuhusu Namna Tunavyowasifu Watu wenye Ulemavu

Katika fainali ya mbio za mita 5,000 za wanaume wasioona, kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, Henry Wanyoike wa Kenya aliingia hatua za mwisho akiongoza. Aliyekuwa taabani ni mwelekezi wake, John Kibue. Mkimbiaji asiyeona hukimbia bega kwa bega na mwelekezi, kila mmoja ameshika ncha ya kamba fupi, na mwenye macho ndiye anayemwambia mwenzake kona inaanza wapi na nani yuko mbele. Akimwacha mwelekezi njiani, ushindi hana. Basi Wanyoike akamkokota Kibue mpaka wakavuka mstari, na dhahabu ikapatikana.

Kisa hiki kinafaa sana mimbarini, kwenye mahafali ya shule na katika semina za ujasiriamali. Visa vya aina yake huishia kwenye somo moja: ikiwa asiyeona ameweza, wewe mwenye macho mawili unashindwa nini? Hoja yangu ni kwamba somo hilo si la kweli, hata pale kisa chenyewe kinapokuwa cha kweli. Linaiondoa kamba na kumbakiza mtu mmoja na nia yake. Tukishaamini kwamba nia inatosha, tumejipa ruhusa ya kutowafanyia lolote wale ambao nia wanayo ila kamba hawana.

Tumfuate Wanyoike nje ya uwanja. Alikulia Kikuyu, karibu na Nairobi, na alianza kukimbia angali anaona. Mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, kiharusi kilimpokonya sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Kilichofuata hakikuwa ushujaa. Alikata tamaa, kama ambavyo mtu yeyote angekata. Alianza kuinuka baada ya kufika katika kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu, kilichokuwa na huduma kwa watu wenye uoni hafifu, na baadaye akasoma katika chuo cha ufundi cha wasioona kilichoko Machakos. Huko alijifunza kufuma masweta kwa mashine. Wasimulizi wengi huyaruka masweta, labda kwa sababu hayapigiwi makofi, lakini kijana aliyejifunza upya kutumia mikono yake bila macho alikuwa ameshapata sababu ya kuamka asubuhi kabla hajarudi uwanjani.

Kisha wapo waelekezi. Mwelekezi hatakiwi kulingana tu na mkimbiaji anayemwongoza. Inafaa awe na akiba ya kasi kumzidi, maana yeye anakimbia na kuzungumza kwa wakati mmoja, na pumzi ya maneno lazima itoke mahali. Afanye mazoezi siku zile zile, alale kambini, aache shughuli zake. Joseph Kibunja, rafiki wa Wanyoike tangu utotoni, aliifanya kazi hiyo, na wakiwa pamoja walishinda mita 5,000 na mita 10,000 kwenye Paralimpiki ya Athens mwaka 2004. Hospitali, chuo, rafiki aliye tayari kukimbia, chama cha michezo chenye kundi la wasioona katika ratiba yake: kimoja kikikosekana, kipaji kile kile na nia ile ile vingebaki kijijini, na sisi tusingekuwa na kisa cha kusimulia.

Katika taaluma hoja hii si ngeni. Mwaka 1976, umoja wa watu wenye ulemavu wa viungo nchini Uingereza, uliojulikana kama UPIAS, ulitenganisha hitilafu ya mwili na ulemavu, ukisema kinachomlemaza mtu ni jinsi jamii ilivyojipanga. Mike Oliver aliukuza mtazamo huo katika miaka ya 1980. Una mipaka yake. Kiharusi ni kiharusi hata mji wote ukijengwa upya. Ukali zaidi uliletwa na Stella Young, mwandishi wa Australia aliyetumia kiti mwendo, katika hotuba aliyoitoa Sydney mwaka 2014, miezi michache kabla hajafariki. Alikataa kuwa kifaa cha kuwatia moyo wasio na ulemavu. Picha ya mtoto asiye na mikono anayechora kwa mdomo, kwa mujibu wa hoja yake, huwekwa ili mtazamaji ajisikie kwamba shida zake ni nafuu. Mtoto mwenyewe hapati kitu.

Nakubaliana na Young kwa sehemu kubwa, ila mazingira yetu yana jambo ambalo yeye hakulikabili. Kwetu, mshangao una ndugu yake aitwaye huruma, na wote wawili hupenda kamera. Tazama hafla ya kukabidhi viti mwendo: bango lenye jina la mfadhili, mgeni rasmi ameinama kidogo ashike mpini, anayepokea anatazama mbele. Jina la mfadhili litaandikwa gazetini kwa herufi kubwa; la aliyepokea huenda lisiandikwe kabisa. Kiti chenyewe mara nyingi ni cha aina ya hospitali, chenye magurudumu madogo ya mbele yaliyokusudiwa sakafu laini. Kikifika kwenye mchanga wa vichochoro kinazama. Kikiwa kipana kuliko mwili wa mtumiaji, kinampinda mgongo na kumtia vidonda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likisisitiza kwamba kiti lazima kipimwe na kulinganishwa na mtu pamoja na mahali anapoishi, na Moshi kuna chuo, TATCOT, kinachofundisha wataalamu wa kazi hiyo hiyo. Mtaalamu na kipimo chake, lakini, hawaonekani vizuri pichani.

Je, basi tuache kabisa kutiwa moyo na watu hawa? Hapana. Inategemea nani anatiwa moyo, na afanye nini. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yakiitikisa Tanzania. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, naye mwenye ualbino, kwa kura zao wenyewe. Mwaka 2015 Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri. Kwa mama aliyekuwa akimficha mwanawe ndani kwa hofu, kumsikia mtu mwenye ngozi kama ya mwanawe akiuliza swali bungeni si burudani. Ni ushahidi kwamba mtoto huyu ana kesho. Mfano wa aina hii una kazi, kwa kuwa unamlenga anayeuhitaji.

Lakini mfano peke yake hausogezi dawati. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu ambao miwani hairekebishi kikamilifu, na jua linawaletea saratani ya ngozi. Mtoto mwenye hali hiyo anahitaji kukaa mbele, mbali na dirisha linalommulika. Aruhusiwe kusogea ubaoni. Apewe mtihani wenye maandishi makubwa. Avae kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule haisemi hivyo. Apate mafuta ya kujikinga na jua kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi. Mwalimu anayewasimulia wanafunzi habari za Possi huku mtoto mwenye ualbino amekaa nyuma hasomi kitu, hajajifunza lolote kutoka kwa Possi.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Methali hii huchukuliwa kama onyo kwa wanaocheka vilema, na onyo limo. Mimi naiona pia kama hoja ya kijamii iliyo imara kuliko masimulizi ya hamasa. Masimulizi hayo yanamweka mtu mwenye ulemavu juu ya kilima, sisi chini tukimpigia makofi. Methali inamweka kila msikilizaji katika safu moja naye: ajali ya bodaboda, kisukari, kiharusi, uzee. Kwa mantiki hiyo, anayejenga ofisi yenye ngazi tupu hamnyimi njia mtu mwingine. Anajinyima mwenyewe, ila tarehe haijafika.

Wenye ulemavu waliofanikiwa wameshatuonyesha wanachokitaka. Seneta Crystal Asige wa Kenya, mwanamuziki aliyepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya glakoma, angeweza kuishi kwa kusifiwa. Yeye aliwasilisha mswada, na mwaka 2025 ukawa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuwa imeshaagiza, katika ibara ya 54, kwamba hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa zishikwe na watu wenye ulemavu.

Kwa wahariri wenzangu nina ombi moja. Mnapoleta kisa cha aliyefaulu, andikeni nani alimfundisha, kifaa chake kilitoka wapi, kiligharimu nini na nani alilipa. Kisha mtafuteni mwenye hali kama yake aliyekwama wilaya hiyo hiyo, mumuulize alikwama wapi. Na kwa msomaji aliye mwajiri Tanzania: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Wahesabu wa kwako.