Chumba cha Habari cha Burbank

Mpambaji wa mandhari ya filamu, ambaye kazi yake huanza pale seremala anapoweka chini randa yake, ndiye atafutaye kila samani, pazia na taa itakayomfanya mtazamaji asadiki kwamba chumba kile kina wenyewe. George Gaines, aliyeipamba filamu ya All the President's Men ya mwaka 1976 chini ya msanifu George Jenkins, aliijaza studio ya Burbank, California, meza za namna ileile waliyoitumia waandishi wa gazeti la Washington Post, na hata makaratasi yaliyotupwa katika ofisi ya gazeti hilo yakasafirishwa kutoka Washington, yakatawanywa mezani. Jitihada hiyo, bila shaka, ndiyo roho hasa ya sanaa hii. Wote wawili walitunukiwa Oscar mwaka 1977.