Kigali usiku: mitaa ya kutembea kwa miguu

Jiji la Kigali lina eneo la kilomita za mraba 730, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.7. Limetandaa juu ya vilima, hivyo umbali ulio mfupi kwa macho huwa mrefu kwa miguu. Anayetafuta chumba cha bei nafuu hana budi kujiuliza pia atarudije usiku, mabasi yakishapungua. Nauli ya pikipiki humeza upesi kile alichookoa kwenye kodi.

Kwa mwenye kipato kidogo, Nyamirambo ingali chaguo bora. Maduka huchelewa kufungwa na barabara haiishiwi watu. Huko ndiko uliko mtaa wa Biryogo, wenye wasemaji wa Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Mwaka 2021 baadhi ya barabara zake zilifungwa kwa magari, na meza za mikahawa zikahamia katikati ya njia. Kinywaji cha hapo ni chai, si bia. Wasiwasi ni wa wapangaji: mtaa ukishapendeza, mwenye nyumba naye huutazama kwa jicho jipya.

Wapenda muziki na baa huelekea Gisimenti, Remera, ambako magari yalianza kuzuiwa mwishoni mwa juma mwaka huohuo. Tangu Septemba 2023, baa hutakiwa kufungwa saa saba usiku, na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Vyumba vya nafuu huko viko mabondeni. Ni vyema kuipita njia hiyo usiku mmoja, kuona taa zinakoishia, kabla ya kulipa kodi.