Sinema ya Kimya Haikufa kwa Uzee

Watazamaji wengi huihesabu sinema ya kimya kuwa utoto wa sanaa ya filamu: picha nyeusi na nyeupe, watu wanaokwenda mbio kama waliokanyaga siafu, na mwigizaji mwenye wanja mzito anayerusha mikono hewani. Mimi ni wa upande mwingine. Kwa maoni yangu, miaka kati ya 1895 na 1929 ilizaa sanaa iliyokamilika, na sauti ilipoingia haikuja kuitimiza. Iliikatiza ikiwa katika ubora wake.

Tuanze na hizo mbio, maana ndizo zilizoiharibia jina. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, na mpigapicha ndiye aliyeamua mwendo. Mara nyingi alipiga fremu 16 hadi 20 na kitu kwa sekunde. Sauti ilipokuja mwendo ukafungwa kwenye fremu 24, kwa kuwa sikio halivumilii sauti inayopanda na kushuka. Tangu hapo, filamu ya zamani ikipitishwa kwenye mashine mpya, bwana aliyekuwa akitembea kwa madaha huonekana anakimbilia treni. Kosa si lake wala la aliyempiga picha. Ikionyeshwa kwa mwendo wake halali, watu wanatembea kama wewe na mimi.

Historia yenyewe kwa kawaida huanzia Paris, tarehe 28 Desemba 1895, pale Auguste na Louis Lumière walipowaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu kumi ndani ya Grand Café. Kila moja haikufika hata dakika: wafanyakazi wakitoka kiwandani Lyon, mtoto akilishwa, mtunza bustani akirushiwa maji. Georges Méliès, mfanya mazingaombwe aliyekuwa na ukumbi wake mjini humo, aliiona mashine hiyo mapema akatambua kuwa inaweza kudanganya macho kuliko kisanduku chochote chenye sehemu ya siri. Mwaka 1902 alitoa Le Voyage dans la Lune, ambamo chombo cha wasafiri kinauchoma mwezi jichoni. Baadaye alifilisika, akaishia kuuza vitu vya kuchezea watoto katika kituo cha treni cha Montparnasse.

Marekani ndiko filamu ndefu ilikoshika kasi, na huko mpenzi wa sinema hana budi kumeza kitu kichungu. The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, mwaka 1915, ilionyesha kwa ustadi mkubwa namna ya kuruka kutoka tukio moja hadi jingine na kupandisha hamu ya mtazamaji. Ustadi huo wote ulitumika kuwatukuza Ku Klux Klan na kuwadhalilisha Wamarekani Weusi. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kiliipinga tangu mwanzo, na mwaka huohuo kundi la Klan likafufuliwa. Wapo wanaosema tutenganishe ufundi na ujumbe. Siafiki: ufundi wa filamu ile ndio uliobeba ujumbe wake mbali. Anayeifundisha aifundishe pamoja na Within Our Gates ya Oscar Micheaux, mwongozaji Mweusi ambaye baba yake alizaliwa utumwani. Filamu hiyo ya 1920 inaonyesha bila kupepesa macho jinsi familia ya Weusi inavyouawa na kundi la watu wenye hasira. Ilipotea kwa miaka mingi hadi nakala ilipopatikana Hispania, ikiwa na jina La Negra.

Kwa uzuri wa picha, Wajerumani waliwatangulia wengi. Mfano wangu ni Der letzte Mann ya F. W. Murnau, mwaka 1924. Mzee anayefungua mlango wa hoteli kubwa, mwenye koti lenye vifungo vinavyong'aa, anavuliwa cheo na kupelekwa kuhudumu chooni. Mtaani kwao heshima yote ilikuwa ya lile koti, basi analiiba ili majirani wasijue. Mwigizaji Emil Jannings anatusimulia yote haya kwa mgongo: ulionyooka akiwa ndani ya koti, uliopinda likishavuliwa. Kamera ya Karl Freund inashuka kwa lifti, inapita ukumbini, na mzee akilewa nayo inapepesuka. Filamu nzima ina kibao kimoja tu cha maelezo, kinachotangaza mwisho wa furaha uliobandikwa. Sijaona filamu nyingi za sauti zinazosema mengi kwa maneno machache hivyo.

Ukifika kwenye vichekesho, wapenzi hugawanyika: Charlie Chaplin au Buster Keaton? Chaplin anajua kuliza. Keaton, aliyezaliwa mwaka uleule wa onyesho la Paris, anajua kuiweka kamera, na kura yangu naipeleka kwake. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, upepo unaangusha upande mzima wa mbele wa nyumba. Keaton amesimama chini, hana habari. Ukuta unamlalia, na dirisha la juu lililo wazi linapita pale pale aliposimama. Ule ulikuwa ukuta wa kweli, na nafasi kati ya mabega yake na fremu ya dirisha ilikuwa ya inchi chache. Angesogea kidogo, angekufa. Mwongozaji mwingine angekata picha mara tatu. Keaton aliiacha kamera mbali, imetulia, ili usiwe na shaka kuwa umeona.

Tena, kumbi za sinema za enzi hiyo hazikuwa na kimya kamwe. Palikuwa na mpiga piano, na kwenye kumbi kubwa orkestra nzima. Japani ilikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya kiwambo akitoa sauti za wahusika wote na kutia chumvi zake. Wengine walipata umaarufu kuliko waigizaji, na nguvu yao ni sababu mojawapo ya filamu za kimya kudumu huko hadi katikati ya miaka ya 1930. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kueleweshwa sana. Anayemkumbuka msimulizi wa filamu Lufufu wa Tanzania, au aliyewasikiliza wenzake akina DJ Afro wa Kenya na maveejay wa Uganda, anaujua utamu wa filamu inayopata uhai mpya kinywani mwa mtu.

Tarehe 6 Oktoba 1927 Warner Bros. walizindua The Jazz Singer mjini New York. Sehemu kubwa yake bado ni ya kimya, ila Al Jolson alipoimba na kusema, biashara ikageuka. Kamera, iliyokuwa imejifunza kupepesuka, ikafungiwa ndani ya kibanda kisichopitisha kelele. Waigizaji wakasongamana karibu na maikrofoni iliyofichwa. Wanamuziki wa kumbini walipoteza kazi kwa maelfu. Na filamu, ambayo hapo kabla ilivuka mipaka kwa kubadilishwa vibao vya maandishi tu, ikajikuta imezungukwa na ua wa lugha. Chaplin aligoma, akatoa City Lights mwaka 1931 bila mazungumzo, na nadhani historia imempa haki.

Tunaihukumu enzi hiyo kwa ushahidi mdogo mno. Filamu zilitengenezwa kwa nitreti, inayowaka kwa urahisi na kuoza ikikaa, na studio nyingi hazikuona faida ya kuzihifadhi. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya filamu ndefu za kimya karibu 11,000 zilizotolewa nchini humo, asilimia 14 tu zimebaki zikiwa kamili katika umbo lake la asili. Nyingine zimeokolewa kwa bahati. La Passion de Jeanne d'Arc ya Carl Dreyer, ambayo negativu yake iliungua, ilipatikana mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Sehemu za filamu ya Metropolis zilizodhaniwa zimepotea zilionekana Buenos Aires mwaka 2008. Kwa hiyo orodha zetu za filamu bora ni orodha za zilizonusurika, nasi tuzitaje kwa unyenyekevu.

Zilizonusurika zinaweza kuonyeshwa hata Afrika Mashariki. Zanzibar ilikuwa na ukumbi wa sinema wa Royal tangu 1921, enzi za kimya hasa, na leo ina tamasha la filamu la ZIFF linaloonyesha filamu zake katika Ngome Kongwe. Ningependa waandaaji watenge usiku mmoja kwa Sherlock Jr. ya Keaton, ya dakika 45 hivi, ikionyeshwa kwa mwendo wake, kukiwa na wapiga kanuni na fidla wa taarabu na msimulizi mmoja mwenye ulimi. Filamu nyingi za enzi hiyo hazidaiwi tena hakimiliki. Gharama iliyobaki ni ya kuwalipa wanamuziki, kazi waliyonyang'anywa wenzao mwaka 1929.