Kanuni ya 220 iliyojificha ndani ya saa janja

Imepita nusu karne tangu kanuni ya "220 toa umri" ichapishwe, na bado ndiyo inayoamua jasho la nani lihesabiwe. Saa janja humulika damu chini ya ngozi kwa taa ya kijani, hupata mapigo ya moyo, kisha huyalinganisha na mapigo ya juu kabisa anayodhaniwa mvaaji kuyaweza. Ugomvi uko kwenye hayo ya kudhaniwa.

Vifaa vyenyewe vina historia inayojulikana. Japani ilitoa kihesabu hatua cha Manpo-kei mwaka 1965. Kampuni ya Polar ya Ufini ikaleta kipima mapigo kisicho na waya miaka ya themanini mwanzoni.

Kanuni ndiyo yenye kisa. Mwaka 1970, watafiti William Haskell na Samuel Fox walikuwa ndani ya ndege kuelekea mkutano wa wataalamu wa moyo. Haskell alikuwa amekusanya takwimu za tafiti kama kumi hivi. Wengi wa waliopimwa walikuwa chini ya miaka 55, baadhi wavutaji sigara, wengine wagonjwa wa moyo. Wakapitisha mstari katikati ya alama za takwimu hizo: miaka 20, mapigo 200 kwa dakika; miaka 40, mapigo 180. Haskell mwenyewe alikuja kusema hawakukusudia iwe sheria ya kumwongoza kila mtu. Vitabu vya mazoezi havikumsikiliza, na vingine vikamtwika mtafiti Karvonen wa Ufini kanuni isiyo yake.

Mwaka 2002, watafiti Robergs na Landwehr waliifukua asili ya kanuni hiyo. Walipozikokotoa upya takwimu zilezile, hata 220 haikutoka: walipata 215.4. Mwaka mmoja kabla, mtafiti Tanaka na wenzake walikuwa wamependekeza 208 toa asilimia 70 ya umri, kutokana na tafiti 351. Kwa mtu wa miaka 40 jibu ni lilelile. Mzee wa miaka 70 hupewa 150 na kanuni kongwe, 159 na mpya. Mapigo tisa si kitu kidogo: mzee mwenye nguvu huambiwa amefika kikomo ilhali moyo wake una nafasi. Huko ni kuwapunja wazee, na kampuni za saa hazina udhuru.

Mwaka 2020 kampuni ya saa janja ya Fitbit ilianza kuhesabu dakika moja ya mazoezi makali kuwa mbili, ikifuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mipaka ya ukali huo iliendelea kutegemea kanuni ya 220. Saa nyingi humruhusu mvaaji kuingiza mapigo yake aliyopimwa kweli. Muuzaji anapaswa kumwonyesha mteja hilo kabla hajapokea fedha.